Maji ya Mtungi na Utando wa Seli: Homa ya Newala ya 1952 katika Historia ya Elimu ya Viumbe

Uwanda wa Makonde, ulioinuka katika pembe ya kusini-mashariki ya Tanzania, kaskazini ya Mto Ruvuma, hutajwa katika historia kwa wachongaji wake wa mpingo, kwa korosho zake, kwa jando na unyago wake, na kwa misheni ya Waanglikana iliyoanzishwa Masasi mwaka 1876. Ni nadra kutajwa kuwa ndipo ugonjwa wa chikungunya ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza kuwa ugonjwa wa pekee, katika mlipuko wa homa uliozikumba wilaya za Newala na Masasi mwaka 1952 na 1953, ingawa ugonjwa huo leo unafahamika katika Asia, Amerika na Ulaya kwa jina lililotoka katika Kimakonde.

Mlipuko ule una historia mbili zinazostahili kusomwa pamoja. Ya kwanza ni historia ya watu waliojenga makao yao juu ya ardhi isiyo na mito, wakalazimika kuhifadhi maji majumbani. Ya pili ni historia ya utando wa seli, yaani ngozi nyembamba mno ya mafuta na protini inayoizunguka kila seli ya kiumbe hai, ambayo umbile lake lilikuwa bado linabishaniwa na wanasayansi wakati homa ile ilipozuka. Zikiwekwa pamoja, historia hizi zinaonyesha jambo moja: kirusi cha chikungunya kiliingia nyumbani kwa njia ya maji ambayo familia haikuweza kuishi bila kuyaweka akiba, kisha kikaingia ndani ya mwili kwa mlango ambao seli nayo haiwezi kuishi ikiufunga.

Uwanda usio na mito

Umbile la nchi ndilo mwanzo wa habari hii. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda, miongoni mwa milima ya mawe iliyosimama mmoja mmoja, na Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wenyewe, pale ardhi inapoporomoka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, mahali panapojulikana kwa jina la Shimo la Mungu. Udongo wa juu ya uwanda ni wa kichanga, nao hufyonza mvua upesi na kuizamisha chini sana, hivi kwamba hata baada ya masika mazuri hakuna mto unaodumu huko juu, na maji hutokeza tena kwenye chemchemi za miteremko na za mabonde yaliyo chini.

Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig aliyefika Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, alishangazwa na watu waliochagua kuishi mbali na maji kiasi hicho, na akaandika simulizi ya asili ambayo Wamakonde wenyewe walikuwa wakiieleza. Kwa mujibu wa simulizi hiyo, mtu mmoja aliyeishi peke yake porini alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, nayo ikageuka mwanamke, akawa mkewe. Walipokaa karibu na mto walizaa mtoto mfu, walipohama wakazaa tena mtoto mfu, na walipopanda juu uwandani mtoto wa tatu akaishi, wakawa wazazi wa kabila zima. Kutokana na hayo wazee walirithisha wosia kwamba watu wajenge juu na wajiepushe na mabonde ya maji makubwa, kwa kuwa huko ndiko yaliko maradhi na mauti.

Wosia huo ulikuwa na busara yake, maana mabonde yalikuwa na mbu wa malaria, na vichaka vizito vya uwandani viliwakinga wakaazi dhidi ya wavamizi katika karne ya 19. Gharama yake ilikuwa safari ya maji. Wanawake na wasichana waliteremka hadi kwenye chemchemi na kupanda tena mteremko mkali wakiwa na mitungi kichwani, na katika vijiji vya ndani ya uwanda safari moja ilikula sehemu kubwa ya siku. Maji yaliyopatikana kwa jasho kama hilo hayakuweza kumwagwa ovyo, bali yaliwekwa katika mitungi na vyombo vingine vikubwa ndani ya nyumba au chini ya upenu, na wakati wa mvua kila chombo kilichoweza kukinga maji kilitegwa nje.

Katika vyombo hivyo aliishi mbu aina ya Aedes aegypti, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, ambaye huuma mchana na hupenda kukaa na watu. Jike hatagi mayai juu ya maji yenyewe, ila huyabandika kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, mahali penye unyevu. Mayai hayo huweza kukauka na kungoja kwa miezi kadhaa, na chombo kinapojazwa upya maji huyafikia, viluwiluwi wakaanguliwa, na baada ya takriban wiki moja au mbili mbu wapya huruka humo humo nyumbani. Mtungi usiokauka kamwe, unaopunguzwa kwa kata na kuongezwa kila mara, ulimfaa mbu huyu kuliko dimbwi lolote la bondeni, na kwa namna hiyo watu waliokuwa wameyakimbia maji ya mtoni wakajikuta wamemfuga mbu kwa maji yale yale waliyoyapandisha kwa taabu.

Homa iliyokunja watu

Homa ilipoanza kuenea mwaka 1952, dalili zake zilikuwa za ghafla. Mtu mzima mwenye nguvu zake alipatwa na joto kali na maumivu makubwa ya viungo, hasa magoti, vifundo vya miguu na vya mikono, akashindwa kunyooka, na siku chache baadaye wengi walitokwa na vipele. Homa yenyewe ilipita upesi na vifo vilikuwa vichache, lakini maumivu ya viungo yaliwafuata baadhi ya wagonjwa kwa majuma na hata miezi. Jina la chikungunya lilitokana na neno la Kimakonde lenye maana ya kukunjamana au kupindika, likieleza jinsi mgonjwa alivyokaa.

Marion Robinson, daktari aliyewahudumia wagonjwa katika mlipuko huo, alichapisha mwaka 1955 maelezo ya kwanza ya kitabibu katika jarida, na katika toleo hilo hilo mtafiti W. H. R. Lumsden akaeleza namna ugonjwa ulivyoenea. Hapo mwanzo maradhi yalidhaniwa kuwa dengi, ambayo sasa Tanzania huiita kidingapopo, kwa kuwa nayo huleta homa ya ghafla, vipele na maumivu ya mwili. Uchunguzi wa Lumsden uliunganisha mambo ambayo wakaazi waliyaona kila siku bila kuyahusisha na ugonjwa, yaani uhaba wa maji juu ya uwanda, vyombo vilivyojaa viluwiluwi, na watu wa nyumba moja walioanguka kwa kufuatana.

Kuchanganya chikungunya na dengi hakukuanzia Newala. Zanzibar ilikumbwa mwaka 1870 na homa ya viungo ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, na daktari James Christie, aliyekuwa akiishi huko, aliieleza kwa urefu na kuandika kuwa wazee walikumbuka homa ya namna hiyo hiyo ya mwaka 1823 hivi. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alitoa hoja kwamba maelezo ya zamani ya maumivu ya viungo yaliyodumu yanafanana zaidi na chikungunya kuliko dengi. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana inaonyesha kwamba pwani ya Waswahili huenda iliujua ugonjwa huu vizazi vingi kabla haujapewa jina katika vitabu vya tiba, ila haikuwapo njia ya kuutenganisha na mwenzake, kwa sababu kisababishi chenyewe hakikuonekana.

Kutoka damu ya mgonjwa hadi Entebbe

Njia hiyo ilipatikana Entebbe, Uganda, katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano. Damu ya wagonjwa na mbu waliokamatwa katika eneo la mlipuko walipelekwa huko, na mtafiti R. W. Ross akawadunga panya wachanga wa maabara, ambao miili yao haijapata kinga ya kutosha na kwa hiyo huonyesha upesi dalili za virusi vingi. Kisababishi kilichopatikana kilitoka katika damu ya watu na katika mbu Aedes aegypti, na vipimo vya kinga vilikitofautisha na dengi. Ross alichapisha matokeo hayo mwaka 1956, na aina za kirusi zilizotokana na mlipuko ule, mojawapo ikiitwa kwa jina lake na nyingine ikiitwa S27, zimeendelea kukuzwa katika maabara za nchi nyingi hadi leo.

Katika miaka ile kirusi kilitambulika zaidi kwa kile kilichotenda kuliko kwa umbo lake. Ilijulikana kuwa kilipita kwenye vichujio vinavyozuia bakteria, kwamba hakizaani nje ya seli hai, na kwamba kiliweza kuua panya. Swali la kimeundwa na nini lilianza kujibiwa kwa njia ya mafuta. Mwaka 1957 Max Theiler, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa chanjo ya homa ya manjano, alionyesha kwamba chumvi mojawapo ya nyongo huviharibu virusi vinavyoenezwa na wadudu. Kazi ya chumvi za nyongo tumboni ni kuyavunja mafuta ya chakula kuwa matone madogo, kwa hiyo kirusi kinachoangamizwa nazo hakina budi kuwa kimevikwa kitu chenye mafuta. Kitu hicho ni utando, na kirusi, ambacho hakina uwezo wa kujitengenezea mafuta, hakingeweza kuupata popote isipokuwa katika seli kilimozaliwa.

Utando ulivyofahamika

Ufahamu wa utando wa seli ulikuwa umeanza kukusanywa zaidi ya nusu karne kabla ya hapo. Katika miaka ya 1890 Charles Ernest Overton aligundua kwamba vitu vinavyoyeyuka katika mafuta huingia ndani ya seli kwa wepesi kuliko vile vinavyoyeyuka katika maji tu, naye akakisia kuwa mpaka wa seli umefanywa kwa mafuta. Mwaka 1925, huko Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walichukua chembe nyekundu za damu, ambazo kwa binadamu hazina kiini wala tando nyingine za ndani, wakayatoa mafuta yake kwa asetoni na kuyatandaza juu ya maji hadi yakawa tabaka la unene wa molekuli moja. Tabaka hilo lilichukua eneo karibu mara mbili ya eneo la nje la chembe zenyewe, nao wakakata shauri kwamba kila chembe imezungukwa na matabaka mawili ya mafuta. Baadaye ilibainika kuwa hawakuyatoa mafuta yote na kwamba walipima eneo la chembe pungufu, makosa mawili yaliyofutana, lakini shauri lao limesimama.

Sababu ya kuwa na matabaka mawili imo katika molekuli zinazoitwa fosfolipidi. Kila fosfolipidi ina kichwa chenye fosfati, ambacho huvutana na maji, na mikia miwili ya asidi za mafuta, ambayo huyakwepa maji. Kwa kuwa seli ina maji ndani na maji nje, molekuli hizi hujipanga zenyewe vichwa vikiwa vimeelekea pande zote mbili za maji na mikia ikiwa imefichwa katikati, kwa nguvu ile ile inayoyafanya matone ya mafuta yakusanyike juu ya mchuzi. Kati ya fosfolipidi hukaa kolesteroli, ambayo huufanya utando usilegee mno kwa joto wala usikakamae mno kwa baridi. Unene wote wa utando ni nanomita 5 hadi 10, na nanomita milioni moja ndizo zinazofanya milimita moja, kwa hiyo hadubini ya kawaida haiwezi kuonyesha muundo wake. J. David Robertson ndiye aliyeuonyesha kwa hadubini ya elektroni mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati ule ule kirusi cha Newala kilipokuwa kikichunguzwa, ukionekana kama mistari miwili myeusi yenye ukanda mweupe katikati.

Nafasi ya protini iliendelea kubishaniwa. Hugh Davson na James Danielli walipendekeza mwaka 1935 kuwa protini zimetandazwa juu ya mafuta kwa nje na kwa ndani. Dhana hiyo ilitawala hadi mwaka 1972, S. J. Singer na Garth Nicolson walipoeleza kwamba protini nyingi zimezama ndani ya matabaka ya mafuta, baadhi zikipenya kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kwamba utando ni kimiminika ambamo molekuli huelea na kuhama. Ushahidi mkubwa wa kuhama huko ulikuwa umetolewa mwaka 1970 na L. D. Frye na Michael Edidin, walioziunganisha seli ya binadamu na seli ya panya kuwa seli moja, na ndani ya dakika 40 hivi wakaona protini za pande mbili zimechanganyika. Waliziunganisha kwa kutumia kirusi, kinachoitwa Sendai, kwa maana virusi vyenye utando vina uwezo wa kuunganisha mafuta ya tando mbili, na uwezo huo ndio uliokuwa silaha ya kirusi cha Newala.

Kazi ya utando ni kuamua kinachoingia na kinachotoka, kwa kuwa seli iliyofungwa kabisa ingekufa njaa na kujaa taka. Oksijeni na kaboni dioksidi hupita katikati ya mafuta bila msaada. Maji hupita kwa wingi katika mifereji ya protini ambayo Peter Agre aliitambua mwaka 1992. Sodiamu na potasiamu husukumwa na pampu ya protini iliyogunduliwa na Jens Skou mwaka 1957, ambayo kwa kila mzunguko hutoa nje chembe tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu, ikitumia nguvu inayotokana na chakula. Vitu vikubwa zaidi hupokelewa kwa njia nyingine: protini zinazoitwa vipokezi hukamata kitu kinachohitajika, utando hubonyea mahali hapo, kisha hujifunga na kukatika kuwa kijifuko kinachozama ndani ya seli. Michael Brown na Joseph Goldstein walieleza katika miaka ya 1970 jinsi seli inavyojipatia kolesteroli kutoka katika damu kwa njia hiyo, na wakatuzwa Nobel mwaka 1985.

Mlango ulio wazi

Kirusi cha chikungunya kina kipenyo cha nanomita 70 hivi. Katikati pana uzi wa RNA, molekuli inayobeba maagizo ya urithi, ambao kwa aina ya S27 ya mlipuko wa Newala ulisomwa wote mwaka 2002 na kuonekana una herufi 11,826 za kikemia. Uzi huo umefunikwa na gamba la nakala 240 za protini moja, gamba limezungukwa na utando wa mafuta, na juu ya utando imesimama miiba 80, kila mmoja ukiwa na jozi tatu za protini mbili ziitwazo E1 na E2. Mafuta ya utando huo ni ya mwenyeji, kwa hiyo kirusi kilichozaliwa katika mwili wa mbu hubeba mafuta ya mbu, na kilichozaliwa katika mwili wa mtu hubeba mafuta ya mtu.

Mbu anapomwuma mtu, kirusi hufika kwenye tishu, na protini ya E2 hushika kipokezi juu ya utando wa seli. Kipokezi kimoja kikuu, kiitwacho Mxra8, kilitambuliwa mwaka 2018, nacho kinapatikana katika seli zinazotengeneza gegedu na nyuzi za viungo na misuli, jambo linalosaidia kueleza kwa nini magoti na vifundo ndivyo vilivyoumia zaidi kwa wagonjwa wa Newala. Kirusi kikishashikwa, seli hukipokea kama inavyopokea mizigo mingine mikubwa: utando hubonyea, hujifunga, na kirusi hujikuta ndani ya kijifuko. Bado hakijaingia kwa hakika, maana kati yake na mwili wa seli pana tando mbili, ule wa kijifuko na ule wa kirusi chenyewe.

Hatua inayofuata hutumia desturi nyingine ya seli. Baada ya kijifuko kuzama ndani, pampu zilizo katika utando wake huingiza asidi, ambayo kwa kawaida husaidia kutenganisha mizigo na vipokezi vyake. Asidi hiyo huzilegeza protini za E1 na E2 ziachane, E1 tatu hukamatana pamoja, na ncha zake, ambazo hadi hapo zilikuwa zimefichwa, hujichomeka katika mafuta ya utando wa kijifuko. Kisha protini hizo hujikunja na kuzivuta tando mbili zikaribiane mpaka mafuta yake yachanganyike, tundu lifunguke, na gamba lenye RNA lidondokee ndani. Kolesteroli ya seli hurahisisha kazi hiyo, na dawa za maabara zinazozuia asidi kijifukoni huzuia pia kuingia kwa kirusi katika seli zinazokuzwa kwenye vyombo. Ndani ya seli RNA husomwa kana kwamba ni maagizo ya seli yenyewe, protini mpya za miiba hutengenezwa na kusafirishwa hadi kwenye utando wa nje, magamba mapya hujisogeza chini yake, na kila gamba hutoka likiwa limejivika kipande cha utando wa seli hiyo hiyo.

Kwa hiyo hakuna hatua ambayo kirusi kimejibunia njia yake chenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Kipokezi ni cha seli, kijifuko ni cha seli, asidi ni ya seli, na vazi la kutokea ni la seli. Kirusi huchangia ufunguo tu, na ufunguo huo hufaa kwa sababu seli haina hiari ya kuacha kupokea.

Maji ya akiba tena, pwani na visiwani

Yaliyotokea nusu karne baada ya Newala yanathibitisha kwamba historia ile haikuwa ya uwanda wa Makonde peke yake. Mwaka 2004, baada ya ukame uliowafanya wakaazi wa Lamu waweke maji ya akiba majumbani, chikungunya ilizuka katika mji huo wa kale wa Waswahili, na uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa wakaazi watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa. Ugonjwa ulifika Mombasa kabla ya mwaka kwisha, ukaingia Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako watu wapatao 266,000 waliugua kati ya wakaazi wasiofikia 800,000, na mwaka 2006 India iliripoti wagonjwa waliodhaniwa kuwa nao zaidi ya milioni moja.

Huko Réunion mbu aliyeenea si Aedes aegypti bali Aedes albopictus, ambaye hapo awali alikuwa mwenezaji dhaifu wa kirusi hiki. Katikati ya mlipuko kirusi kilibadilika katika kiungo kimoja cha protini ya E1, kile cha 226, ambapo nafasi ya asidi amino ya alanini ilichukuliwa na valini, na mwaka 2007 watafiti wa Galveston, Marekani, walionyesha kuwa badiliko hilo lilikiwezesha kumwambukiza mbu huyo kwa wepesi zaidi, na kwamba lilibadilisha pia jinsi kirusi kinavyoitegemea kolesteroli kinapounganisha tando. Wadudu hawawezi kujitengenezea kolesteroli, hivyo huipata katika chakula, na mpaka wa seli zao si sawa na mpaka wa seli za binadamu. Badiliko la kiungo kimoja katika protini inayogusa utando lilitosha kukifungulia kirusi mwenezaji mwingine, ambaye, tofauti na mbu wa mitungini, anastahimili hata majira ya baridi ya Ulaya, na mwaka 2007 Italia ikawa na mlipuko wake.

Mpaka unaoweza kulindwa

Mambo haya yakipimwa pamoja, yanaonyesha wazi ni wapi juhudi za binadamu zinaweza kufika. Mlango wa seli hauwezi kufungwa, kwa sababu ndio unaoingiza chakula, madini na kolesteroli, na dawa ambayo ingeuzuia mwilini kote ingemdhuru mgonjwa kabla ya kukidhuru kirusi. Linalowezekana katika mpaka huo ni kuuharibu ufunguo, na ndiyo kazi ya kinga ya mwili inayozitambua protini za miiba na kuzifunika zisishike kipokezi. Chanjo mojawapo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2025 imefuata njia hiyo, kwa kuwa imetengenezwa kwa gamba na miiba ya kirusi pasipo RNA yake.

Mpaka wa pili ni chombo cha maji, nao uko ndani ya uwezo wa jamii na serikali tangu mwaka 1952. Mfuniko unaobana vizuri humnyima mbu nafasi ya kutaga, kusugua ukuta wa ndani wa chombo kila wiki huyaondoa mayai ambayo kumwaga maji peke yake hakuyaondoi, na bomba linalotoa maji kila siku huondoa haja yenyewe ya kuweka akiba. Katika miaka ya 1950 lilianzishwa Shirika la Maji la Makonde ili kupandisha maji uwandani kwa pampu, Finland ikaisaidia mikoa ya Mtwara na Lindi kwa miradi ya maji kuanzia miaka ya 1970, na chanzo cha Mitema bado kinategemewa na vijiji vingi vya Newala na Tandahimba. Kila pampu inaposimama, familia hurudia ndoo, mapipa na matangi ya kuvunia mvua, na hali iliyouzaa mlipuko wa kwanza hurejea pamoja nayo.

Kwa sababu hiyo homa ya Newala inastahili kufundishwa katika shule za Mtwara na Lindi kwa masomo mawili kwa pamoja, historia na baiolojia. Mwanafunzi wa Masasi anayesoma juu ya fosfolipidi, vipokezi na vijifuko anasoma habari ya magoti ya mababu zake, kwa kuwa sehemu ya yale ambayo dunia inayajua kuhusu jinsi virusi vinavyovuka utando wa seli imetokana na damu iliyotolewa na wagonjwa wa uwanda huo mwaka 1953, watu ambao majina yao hayakuingia katika vitabu. Deni lao halilipwi kwa kumbukumbu pekee. Linalipwa kwa maji yanayofika nyumbani kila siku, maana katika mipaka miwili ambayo kirusi kilivuka, ule wa chombo cha maji ndio ambao watu wanaweza kuulinda bila kungoja maabara yoyote.